Mtungi Tulioufanya Baba Noeli

Sina diploma ya kazi ninayoifanya. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu hofu zangu nyingi zinatoka hapo. Naangalia mashine za hospitali moja hapa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Nilianza kazi ya kusukuma vitanda. Siku moja mashine ya kufyonza makohozi ikaharibika, nikaifungua, nikaisafisha, nikaifunga, ikanguruma, na tangu siku hiyo watu wakaniita fundi. Yaliyobaki nimejifundisha mwenyewe, kwa vijitabu vya Kifaransa vinavyokuja ndani ya makasha ya mashine, na kwa video ninazotazama kwenye simu mtandao ukikubali.

Shida ya mtu aliyejifundisha ni kwamba hajui ni kitu gani hakukisoma. Kwa hiyo mimi hukagua kila kitu mara tatu. Nikikaza skrubu nne, nahakikisha mipasuo yake yote imeelekea upande mmoja. Wenzangu wanacheka. Hawajui kwamba kila mgeni mwenye mkoba wa nyaraka akiingia getini, nadhani amekuja kuniuliza vyeti.

Mwaka ule mvua za Desemba zilinyesha bila kupumzika. Ziwa lilipanda tena hadi kwenye nyumba za watu, watoto wakalala kwenye unyevu, na wodi yetu ya watoto ikajaa wagonjwa wa vifua. Shefu wa wodi, muuguzi mama mwenye sauti nzito na hatua za haraka, alituita wiki ya sikukuu akasema, "Wenye watoto wanaoweza kwenda nyumbani wataenda. Hawa wengine watakula Noeli hapa hapa na sisi. Sitaki mutoto akumbuke Noeli kama siku ya sindano tu."

Kazi ya kupamba nilipewa mimi kwa sababu ya unadhifu wangu. Nilikata nyota kutoka kwenye makasha ya dripu. Nilitupa nyota kumi na moja kwa sababu pembe zake hazikulingana. Nilipuliza glavu zikawa maputo ya vidole vitano, nikafunga makuti ya michikichi mlangoni, nikayapunguza kwa mkasi mpaka kushoto kukafanana na kulia.

Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa cha msichana wa miaka mitano kutoka Minago. Alikuwa na nimonia. Ilikuwa siku ya nne anapumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni, ile inayochota hewa ya kawaida na kuichuja kwa nguvu ya umeme. Mpira mwembamba ulitoka kwenye mashine ukaingia puani kwake. Daktari alisema mapafu yameanza kuitikia dawa, lakini bila oksijeni hawezi kukaa hata nusu saa. Mama yake, muuza ndagala, dagaa wa hapa ziwani, alikuwa amejifunza kusoma kile kifaa cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya damu. Zaidi ya tisini alitulia. Chini ya tisini aliniita, hata kama nilikuwa chooni.

Umeme ukikatika, tuna jenereta. Lakini jenereta haikuwa na mazutu, maana mji mzima ulikuwa unatafuta mafuta. Kwa hiyo kinga ya yule mtoto ilikuwa moja tu, mtungi mmoja wa oksijeni uliojaa. Ulifungwa kwa mnyororo ukutani nje ya mlango wa wodi, pamoja na mwenzake uliokwisha, unaosubiri gari la kuupeleka Bujumbura kujazwa. Sheria ya Shefu ilikuwa kwamba mtungi uliojaa hautoki kwenye mnyororo wake ila kwa mgonjwa.

Asubuhi ya Noeli tukakosa Baba Noeli. Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye huvaa lile koti jekundu kila mwaka, alikuwa ameitwa huko Gatete kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Hakuna mwingine aliyetaka kulivaa kwenye lile joto.

Mama wa usafi ndiye aliyetoa wazo. Ni Mwislamu wa hapa mjini, wa familia za Waswahili wa zamani, na kila Noeli yeye ndiye wa kwanza kufika. "Siku ya kuzaliwa Nabii Issa nikae nyumbani nifanye nini?" huwa anasema. Aliitazama mitungi akasema, "Fundi wangu, huyo si mtu mzima aliyesimama? Mpe ndevu tu."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mtungi uliokwisha ulikuwa na kutu, rangi imebanduka, na ulisimama ukiinama kidogo kwa sababu kitako chake kilikuwa kimepondeka. Uliojaa ulikuwa umepakwa rangi mpya, mabega meupe, umenyooka. Nilijaribu koti kwenye ule wa kutu. Likakaa upande. Nikalivuta, likakaa upande tena. Moyo wangu hauwezi kuvumilia kitu kilichokaa upande. Nikajiambia, mashine inafanya kazi, umeme upo, ni saa moja tu, nitaurudisha. Nikaufungua mnyororo wa ule uliojaa, nikauvika koti papo hapo.

Shefu alipita na sinia la dawa. "Huo ni ule mutupu, siyo?"

"Ndiyo, Shefu," nikasema.

Sikufikiri hata kidogo. Uongo ulitoka mdomoni kama salamu.

Tuliusimamisha katikati ya wodi, nikaufunga kwenye nguzo ya kitanda kitupu. Koti jekundu, ndevu za pamba, na juu kabisa, kwenye ile shingo ya shaba yenye vali, kofia. Watoto walikaa vitandani wakaukodolea macho.

"Mbona amekonda hivi?" akauliza mama mmoja.

"Amekosa esansi ya gari kama sisi," akajibu mama wa usafi. "Ametembea kwa miguu kutoka Ulaya!"

Wodi nzima ikacheka, na yule msichana wa Minago akatabasamu na mpira wake puani. Mama yake aliona. Aliweka kiganja mdomoni akageukia ukutani.

Nilitoka kutafuta pamba zaidi, maana ndevu za kushoto zilizidi za kulia. Niliporudi nilimkuta mama wa usafi na chupa ndogo ya mawese, anaupaka mtungi kwa kitambaa. Hapa kwetu mtoto haendi sikukuuni na ngozi kavu. Anasuguliwa mafuta mpaka magoti yang'ae. "Ngozi yake nyeupe hivi inaonekana imepauka," alisema. "Watasema Rumonge ya mawese imemupokea mugeni bila kumupaka." Alikuwa amepaka mabega, akavua kofia, akapaka shingo, akapitisha kitambaa hata kwenye vali, kwa uangalifu wa mama anayemwosha mtoto masikio.

Nilijua. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu una picha ya tone la mafuta lililokatwa kwa mstari mwekundu, na kando yake moto. Nilijua, na watoto walikuwa wanapiga makofi, na mtungi ulikuwa unang'aa vizuri, na kama ningesema neno ningepaswa kusema pia kwamba haukuwa mtupu. Nikarekebisha ndevu.

Tulikula wali, maharage na ndagala. Wauguzi wawili wakaanzisha wimbo, kina mama wakaupokea. Kwenye ubeti wa pili feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mashine ya oksijeni ikalia mlio mmoja mrefu, ikanyamaza.

Watu waliendelea kuimba kidogo, kama mtu anayetembea hatua mbili baada ya kuambiwa asimame.

"Fundi!" mama wa msichana akaita. "Tisini! Fundi, themanini na nane!"

Shefu alikuwa ameshafika kitandani. "Lete mtungi!"

Nikasimama tu. Alikimbia mwenyewe mlangoni, nikamsikia akipiga ule wa kutu kwa kiganja, ukalia kama ngoma tupu. Akarudi. "Ule mwingine uko wapi?"

Nilinyoosha kidole kwa Baba Noeli.

Hakunitukana. Aling'oa ndevu na kofia kwa mkono mmoja, akasema, "Weka kichwa cha kupimia hewa. Fungua."

Nilishika vali, vidole vikateleza. Mawese yalikuwa yameingia mpaka kwenye nyuzi za vali, pale kichwa kinapokazwa.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi nini?"

"Una mafuta. Oksijeni ikitoka kwa nguvu ikakutana na mafuta, inawaka yenyewe. Tutaungua wote."

"Mafuta ya kula yatawakaje bila kiberiti?" mama wa usafi akauliza, kwa sauti ndogo sana.

Sijawahi kuogopa namna ile. Sikuogopa moto peke yake. Niliogopa kwamba labda nilisoma vibaya. Hakukuwa na mwalimu wa kumuuliza, hakukuwa na mwenzangu wa darasani. Kulikuwa na picha ndogo kwenye kijitabu na mimi niliyeitafsiri. Kama nimekosea, namuua mtoto kwa ajili ya picha. Kama niko sawa na nikafungua, nawaunguza watoto wa vitanda kumi na viwili.

"Themanini na mbili," mama akasema. Hakupiga kelele tena.

Shefu alinitazama mara moja usoni, kisha akachukua mfuko wa mpira wa kupumulishia kwa mkono, akamfunika mtoto pua na mdomo, akaanza kuminya. "Basi tafuta kitu kingine," akasema. "Sasa hivi."

Kilichobaki kilikuwa ule wa kutu. Mtungi tunaouita umekwisha huwa na mabaki kidogo, lakini sikujua ni kiasi gani. Na mikono yangu ilikuwa na mawese. Nilikwenda kwenye beseni nikanawa kwa sabuni, nikasuuza, nikanawa tena.

"Unanawa?" mama wa msichana akasema nyuma yangu. "Mutoto yangu anakufa, weye unanawa mikono?"

Nikanawa mara ya tatu. Nilikuwa nalia, na sikuthubutu kufuta macho kwa sababu mikono ilikuwa imeshakuwa safi. Nikaikausha kwa pamba mpya, nikaweka kichwa chenye saa ya kupimia presha kwenye mtungi wa kutu, nikafungua taratibu. Mshale ulipanda kiasi cha unene wa ukucha, ukasimama. Niliunganisha mpira na mfuko wa Shefu. Kile kigololi kinachoonyesha mkondo wa hewa kikajiinua kidogo.

Sabini na tisa. Sabini na tisa. Themanini na moja.

"Itatosha dakika ngapi?" Shefu akauliza.

"Sijui."

Hilo ndilo neno nililolikwepa tangu nianze kazi ile.

Shefu akanipa simu yake kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unaminya. Dereva alipokea. Kwenye gari lake kuna mtungi mdogo. "Nimeshapakia mugonjwa, niko njiani," akasema, "lakini barabara imeliwa na maji, naenda polepole." Nikamwambia mtoto anaishiwa hewa. Akakata simu.

Mimi na mama wa usafi tuliuviringisha mtungi uliopakwa mawese mpaka uani, mbali na majiko. Akakaa kando yake kwenye mvua ili mtu asiuguse. Nilitaka kumwambia kwamba kosa si lake. Nilirudi ndani bila kumwambia.

Mshale ulishuka hadi sifuri na kigololi bado kilikuwa kinaelea. Nilikitazama kigololi kile kwa namna ambayo sijawahi kutazama kitu chochote. Kilitetemeka, kikashuka, kikapanda, kikashuka tena. Themanini na sita. Themanini na tano. Glavu zangu zilizopulizwa zilikuwa zinagongana polepole kwenye upepo wa dirishani. Kigololi kilipogusa chini, Shefu alikuwa bado anaminya, na mtoto alikuwa na rangi ya majivu kwenye midomo.

Tukasikia honi.

Dereva aliuleta mtungi mdogo mpaka mlangoni. Nilinawa tena kabla ya kuugusa, nikauunganisha. Themanini na tatu, themanini na tisa, tisini na mbili. Tisini na nne. Mtoto akafungua macho akaniangalia, akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa na nguvu.

Shefu alikaa chini sakafuni. Akasema, "Uliniambia ni mutupu."

"Ndiyo."

"Na mafuta uliyaona?"

"Niliyaona. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ule mwingine ulikuwa unainama."

Alinitazama kama ananitafuta. "Mimi usiniambie," akasema. "Mwambie mama wa mutoto. Yote. Halafu tutaongea habari ya kazi."

Nilimwambia. Nilisimama mbele yake kama mwanafunzi, nikamweleza mnyororo, koti, ndevu, mawese, uongo. Nilitegemea anipige, na ningefurahi. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake mmoja uko kwenye mguu wa mtoto.

"Na huu wa sasa," akauliza, "iko na oksijeni?"

"Iko nayo."

"Weye ndiye unasema."

Akavuta kigoda kwa mguu, akakiweka kando ya mtungi.

"Kaa hapo. Usiamke. Nikikuuliza, unisomee hiyo saa ya mtungi, na mimi nitainama niangalie kama umesema kweli."

Nikakaa. Nje kina mama walikuwa wanaosha sahani.

"Ngapi?" akauliza.

"Themanini."

Akainama, akasoma, akarudi kukaa. Alihesabu pumzi za mtoto kwa midomo, bila sauti.

"Ngapi?"

"Sabini na nane."

Akainama tena. Umeme uliporudi feni ikaanza kuzunguka na mashine ikakohoa, nikainuka kuunganisha mpira. Alinishika shati.

"Kwanza mashine ikae ikiwaka, tuione," akasema. "Soma."