Mikanda ya Tutaona

Ni harufu ya mpira unaoungua iliyonirudisha utotoni. Nilikuwa kwenye njia ya matembezi hapa North Buffalo, nikisukuma kiti cha magurudumu cha bibi mmoja ninayelipwa kumtunza, mara baiskeli ikachomoza kwenye kona ikivutwa na mbwa wawili. Mwenyewe akafunga breki, akaomba radhi, mbwa wakapita ndimi nje. Ikabaki ile harufu. Bibi akaniuliza mbona nalia, nikamwambia ni upepo. Ninyi siwezi kuwadanganya.

Tuliishi Shively, upande wa Louisville, hapahapa Marekani, nyumba ya chini, dirisha likitazama maegesho ya magari. Baba alikuwa akipakia makasha ghalani. Mama yake, tuliyemwita Koko, aliletwa akiwa na magoti yaliyokwisha, na kwa kuwa wakubwa walikuwa kazini, alishinda dirishani kutwa. Alizaliwa kando ya Ziwa Kivu, na kitu alichokitamani ni kuona tena maji mengi.

"Gari zinalala, gari zinaamuka," alikuwa akisema. "Bon, na miye ni vile."

Mbwa tulimrithi kwa jirani aliyehama akamwacha. Mama alipouliza nani atamlisha, baba akajibu, "Tutaona," na jina likawa hilo. Lilikuwa jitu la mbwa, kichwa kama sufuria ya harusi. Siku moja baba alirudi kutoka mtoni akicheka peke yake: kwenye njia ya wakimbiaji na waendesha baiskeli ameona mbwa wakivuta baiskeli na vigari, watu wamekaa!

Koko akashika shavu. "Kumbe inchi hii hata imbwa anaenda kazi!"

Lazima mjue kwamba kule Goma, Kongo, tulikotoka, baba alikuwa mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inayobebeshwa viazi na makaa mpaka anayeisukuma haonekani. Bega lake lilikuwa na sugu ngumu ambayo nilipenda kuigonga kama mlango. Kigari hakikumshinda: mbao za ghalani, magurudumu ya baiskeli, mikanda ya gari kuukuu, na godoro la mtoto juu yake. Kitu kimoja hakukiweka, nacho ni breki. Kwenye chukudu unakanyaga kipande cha tairi kwa mguu, kwa hiyo breki ni mtu mwenyewe. Hakuwaza kwamba safari hii wa kuvuta ni mbwa.

Jumamosi tukampeleka Koko mtoni kwa gari, tukampandisha kigarini na kitenge chake kipya. Tutaona akavuta kana kwamba alizaliwa kwa kazi hiyo. Baba alikimbia kando akipiga kelele za Goma, "Pisha! Pisha!", na Wamarekani, sijui walielewaje, wakapisha. Mto Ohio ulipotokea, Koko akapiga vigelegele. Sikuwa nimewahi kumsikia akivipiga. Akasema atakuja kila Jumamosi mpaka Mungu amchoke.

Wakati wa kurudi tukafika kwenye mteremko. Kigari kikaanza kukimbia chenyewe, kikamgonga mbwa miguu ya nyuma, akalia sauti ambayo bado ninayo. Baba akaruka, akakandamiza gurudumu kwa soli ya kiatu. Moshi, harufu, kikasimama. Koko hakuumia. Tutaona alishindwa kuinuka.

Baba akamlaza mbwa kwenye mapaja ya mama yake, akavaa ile mikanda yeye mwenyewe, akainama, akaanza kuvuta.

"Unishushe, Amani," Koko akasema. "Miye si muzigo."

"Kaa tu, mama. Nilisukumaka mingi kushinda hii."

Mimi nilitangulia mbele nikipiga kelele "Pisha!" kwa furaha, maana hatimaye nilikuwa namwona yule baba wa hadithi za Goma. Watu walisimama, wakapiga makofi, mmoja akatupiga picha. Koko alijifunika kitenge uso mzima. Nilidhani anakimbia jua.

Hakupanda tena. Mbwa alipona, akabaki akichechemea. Baba alifunga breki nzuri, akabembeleza kila Jumamosi, na Koko alijibu neno moja tu, "Nimeshaona." Akarudi dirishani kwake, na baridi ilipoingia akafia hapo, akitazama magari.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakutuambia lolote kuhusu mzigo wenyewe, unapojijua kuwa ni mzigo. Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza magoti ya Koko yalivyokwisha: miaka yote ya Goma aliyapiga sakafuni alfajiri, akimwomba Mungu amtoe mwanawe kwenye chukudu. Mungu alimtoa, akamvusha bahari. Kisha Koko akafumbua macho mbele ya watu wanaopiga makofi, akamwona mwanawe amefungwa mikanda tena, na aliyekuwa juu ya kigari ni yeye. Aliacha maji, akachagua dirisha.

Baba hajui. Bado yuko Shively, na kila ninapompigia simu lazima arudi palepale, kwamba mama yake aliogopa ule mteremko, kwamba angeweka breki mapema Koko angeuona mto kila Jumamosi. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimemuua. Basi namjibu, "Ndiyo, baba. Ni breki."