Mia Iliyokataa Sumaku

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya nikiwa na miaka kumi, mbele ya watu, kwa sauti ya juu: niliita feki shilingi mia ambayo, kwa ninavyodhani sasa, haikuwa feki. Nimefanya makosa mengi tangu hapo, lakini hilo ndilo ninaloamka nalo.

Najua wakubwa wangu watacheka kumsikia mtu ambaye hata thelathini hajafika akisema "enzi zetu". Wacheke tu. Sisi tuliokulia Kariakoo kabla simu haijageuka pochi tulikuwa na enzi zetu pia. Tulicheza kombolela kati ya marobota ya mitumba, na gololi kwenye vumbi la uchochoroni, na wasichana wakicheza rede walitufukuza kama kuku. Tulinunua barafu za ukwaju zilizotuacha na ndimi nyeusi, na ubuyu uliopaka rangi hadi mashati ya shule. Shilingi mia ilikuwa na heshima yake. Ukiwa nayo mkononi, chapa ya swala wanne wanaokimbia ikikukwaruza kidole, hata wakubwa kidogo walikuita kwa jina lako.

Mimi nilikuwa mtoto wa tabu. Herufi moja ikipinda, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya, hadi daftari la kurasa themanini likabaki na ishirini. Mama aliniuliza, "Wewe daftari unalila?" Kandambili zangu zilipaswa kutazama mlango, zote mbili, la sivyo silali. Wenzangu waliniita Hakimu, kwa sababu ugomvi wowote wa mchezo niliuamua mimi, na sikumhurumia mtu.

Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani kulijaa maji na mitaro ya kwetu ilifurika hadi vibarazani. Yalipopungua, tulitoka na sumaku. Yangu niliipata kwa fundi redio, kwenye spika iliyokufa, nikaifunga kwa kamba ya kiatu. Tuliishusha mtaroni na kuvua: vifuniko vya soda, misumari, na mara chache, Mungu akipenda, sarafu. Sefu, rafiki yangu, alikuwa na mkono mwepesi kunishinda. Alivua, mimi nikahukumu. Kwa kuvua huko niligundua kwamba kila shilingi mia tuliyoipata ilinasa kwenye sumaku. Basi nikatunga sheria: mia halali hushika, isiyoshika ni feki. Sikuisoma popote wala hakunifundisha mtu. Kwa kuwa niliitunga mwenyewe, niliiamini kuliko neno la mwalimu.

Mama yake Sefu alikuwa mtu wa Lindi, akikaanga mihogo kwenye kona ya mtaa wetu. Mihogo yake ilipasuka vizuri juu, ndani laini, na kachumbari yake ilitoa machozi. Alicheka kabla hujamaliza kusema. Jioni moja nilimpa sarafu ya mia mbili, nikachukua mihogo ya mia, naye akanirudishia mia.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama kijiko. Swala walikuwepo wote wanne, miguu yao imetoka vizuri kabisa, maandishi yamesimama, pembeni hakuna kasoro. Rangi tu ndiyo haikuwa yake; mia ni ya njano. Nilitoa sumaku mfukoni nikaigusisha. Haikushika. Nikageuza upande wa pili. Haikushika.

"Vipi, Hakimu, mihogo haijaiva?" akaniuliza.

"Mama Sefu, hii hela feki."

"Feki wewe na meno yako hayo," akasema, na watu kwenye foleni wakacheka. "Nimepewa asubuhi hii hii, na mtu ninayemjua."

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumnong'oneza. Lakini nilikuwa na sheria, na watu walikuwa wananitazama. Nikachukua mia nyingine kutoka kwenye bakuli lake, ikanasa, pa! Nikaweka ile nyeupe, ikaanguka chini kwenye vumbi.

"Mmeona?" nikasema. "Halali inashika. Hii haishiki."

Mchukuzi mmoja aliyekuwa na mkokoteni akasema, "Kumbe, mama, ndiyo biashara? Mchana mihogo, jioni bandia?"

"Mwanangu, hebu fanya tena nione," Mama Sefu aliniambia taratibu. Nikafanya tena. Nilikuwa na furaha. Nakumbuka kabisa kwamba nilikuwa na furaha, na sijui nifanye nini na kumbukumbu hiyo.

Mangi, mwenye duka lililotazamana na kona ile, alivuka barabara kuja kuona. Aliipokea ile sarafu, akaigonga kwenye kibaraza, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Huyu kijana ana akili," akasema. Kisha akatafuta msumari na nyundo, akaitoboa katikati ya swala, akaikongomea kwenye fremu ya mlango wake. "Ikae hapa. Mwenye ndugu yake asilete."

Mimi nilipewa soda. Niliinywa yote.

Ikakaa pale. Kila aliyenunua sukari aliiona, na aliyeuliza aliambiwa imetoka kwa nani. Watu wakaanza kugeuza chenji ya Mama Sefu kabla ya kuitia mfukoni. Watoto wakaja na sumaku zao kumtania, nami niliwasahihisha walipozishika vibaya. Foleni ikapungua. Siku moja karai halikuwepo, wala mafiga. Sefu hakuaga. Nilisikia tu kwamba wamehamia Magomeni, na moyoni nikasema nimeuokoa mtaa.

Miaka ikapita. Ufundi simu sikuusomea. Nilijifunza kwa kuharibu simu zangu, halafu za jamaa, hadi nikapata meza yangu hapa hapa Kariakoo. Sumaku ile ilinifuata. Naitumia kuokotea skrubu ndogo, na kila skrubu ina mahali pake, mtu asiguse. Siku moja wateja wakiwa wachache, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za sarafu zinazokosewa kiwandani. Waliandika kwamba kipande cha chuma cha sarafu nyingine huweza kubaki ndani ya chombo, kikaingia kwenye mtambo pamoja na vingine, kikagongwa mhuri usio wake. Mhuri wa kweli, serikali ya kweli, chuma tu ndicho kimekosewa, pengine cha aina isiyoshika sumaku. Ni chache sana, wakasema, na wapo watu wanaozitafuta maisha yao yote.

Niliacha simu ya mteja imefunguliwa, skrubu zimezagaa, nikatoka mbio.

Nilikuwa naenda wapi? Kwenye duka la Mangi. Kana kwamba sijui halipo tena. Pale sasa pana ghorofa, chini wanauza vipodozi, na fremu ile ya mbao ilikwishakuwa kuni za mtu. Nilisimama mbele ya vioo hadi mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Kwa hiyo hata leo sina hakika. Huenda ilikuwa feki kweli. Lakini nimewachora swala wale kwa kalamu mara nyingi, na kila mara wanatoka kamili, na mtu wa kughushi kwa nini ahangaike hivyo kwa shilingi mia? Ni hayo tu niliyo nayo.

Sefu nilimpata kirahisi hadi nikaona aibu. Anauza makava ya simu, mitaa miwili kutoka mezani kwangu.

"Hakimu!" akapiga kelele. "Bado unapima hela za watu?"

Nikamweleza. Nilijikanyaga, nikarudia mwanzo mara tatu kwa sababu sikuwa nimeusema sawasawa. Mikono yake ikaacha kupanga makava.

"Unamjua aliyempa Mama ile hela?" akaniuliza.

"Hapana."

"Mama mdogo. Dada yake Mama, tumbo moja. Yeye ndiye alinunua wa kwanza asubuhi ile. Mama akasema, ndugu yangu ameniletea bandia niaibike. Mama mdogo akaapa, hakusikilizwa. Mama amekufa hawajasemeshana. Msibani Mama mdogo alikaa nje kwenye turubai na wageni, wenzake wako ndani na maiti."

Nikalinyoosha kava moja lililopinda kwenye safu yake.

"Mambo ya zamani hayo, kaka," akasema, akarudi kwenye makava yake. Hakunitazama tena.

Jumapili nilikwenda Magomeni, kwenye nyumba ambayo Sefu alinielekeza bila kuinua kichwa. Mama mdogo alikuwa barazani, ungo mapajani, anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Aliniletea chai kabla hajajua mimi ni nani. Nilipomaliza kueleza mambo ya mtambo na chuma, vidole vyake viliendelea kutoa mawe.

"Kwa hiyo ilikuwa nzima."

"Nadhani, mama. Siwezi kuapa. Haipo tena."

"Hata hilo huwezi?"

"Siwezi, mama."

Akatupa jiwe uani. "Mimi niliapa. Niliapa kwa kaburi la mama yetu." Akapepeta kidogo, akaacha. "Sasa umeniletea hii habari, mimi nimpelekee nani?"

Hakunifukuza. Aliniambia ninywe chai isipoe. Sikuweza kuimaliza.

Enzi zetu tulizijua pesa kwa vidole, kwa mlio, kwa harufu ya samaki na mafuta ya mihogo. Watoto wa mtaani kwetu leo wanalipa kwa simu ya mama. Namba ya siri wanaijua tangu chekechea, lakini ukiwauliza kwenye mia kuna mnyama gani, watakujibu simba, wengine ng'ombe. Nawacheka, halafu nawaonea wivu, maana hakuna kati yao awezaye kumfanyia mama wa mtu nililolifanya mimi kwa kamba ya kiatu na spika mbovu. Kona ya Mama Sefu imejaa bodaboda. Mvua ikinyesha mitaro bado inafurika, ila havui mtu.

Sumaku nimeitupa. Skrubu naziokota kwa kucha, nyingine zinapotea. Nikirudishiwa chenji, naitia mfukoni bila kuitazama.