Siku Niliyopaka Bastola Sirage

Mi sitaificha tena aibu hii, kwa sababu hata nikiificha, watu wa mtaa wetu wa Kapata waliokuwepo bado wako hai, na siku mmoja wao akiamka vizuri atawasimulia yeye mwenyewe na kuongeza chumvi, basi afadhali mnisikie mi niliyepakwa (au tuseme ukweli, niliyejipaka) kuliko kumsikia jirani.

Miaka ile ya Zaïre nilikuwa mlinzi wa kampuni ya mgodi hapa Kolwezi, kijana mwenye kaki iliyopigwa pasi na kichwa kilichojaa mawingu. Nilikuwa naweza kusimama getini saa nzima nikiangalia vumbi jekundu likipanda taratibu nyuma ya malori, likageuka dhahabu kwenye jua, likalala tena, nami nisijue ni malori mangapi yamepita. Na kiunoni nilikuwa na bastola, ya zamani kazini kuliko mimi, maana kabla yangu aliibeba Tata Mulongo (tata kwetu ni baba, ndivyo tunavyowaita wazee), Muluba mmoja wa kaskazini, mpole, ambaye baada ya kuchoka kusimama getini alipewa kazi ya kutunza silaha zetu zote kwenye ghala la kampuni.

Bastola ile ilipokuwa mpya ilikuwa na rangi ya buluu iliyokolea hata kukaribia weusi, kama mbingu ya upande wa Mutshatsha mvua ikiwa njiani. Lakini mi niliikuta imeshachujuka. Mdomoni na kwenye pembe zote ngozi ya mfuko ilikuwa imeilamba mpaka chuma cheupe kikaonekana, kwenye mshikio jasho la mkono lilikuwa limeacha baka la kijivu, na ubavuni kulikuwa na mkwaruzo mrefu wa mlango wa lori. Nilikuwa naona haya nayo kama mtu anavyoona haya na viatu vilivyotoboka. Siku moja nikamuuliza Tata Mulongo kama hakuna dawa.

Akacheka kidogo. “Dawa ya nini, mutoto yangu? Ile haiko kidonda. Ni mukono ya mutu njo ilipita pale. Pistole inapiga na kinywa, haipigi na ngozi. We uipanguse, uitie mafuta kiloko, tone moja tu, uiache.”

Ningemsikia. Lakini ikatangazwa kwamba Jumapili fulani ya mwezi wa kumi kampuni itawapa medali wafanyakazi wa miaka mingi, na Tata Mulongo ni mmoja wao, na walinzi sita watapiga gwaride mbele ya Direkta, na mi ni mmoja wa hao sita. Juu ya hayo, Tata Sefu alikuwa amealikwa. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa kutoka upande wa Kasongo, mwenye malori ya kwenda Fungurume, na alikuwa baba ya Zaina, na Zaina (nisiseme mengi, mama watoto yuko jikoni anasikia) ndiye niliyekuwa nimepeleka wazee kumuomba. Tata Sefu alikuwa amewajibu wazee wangu: “Ntakuja kumuona ku kazi yake kwanza. Jibu ntaleta kisha fête ya medali.”

Basi Jumapili ile asubuhi, nikiwa nimekaa mlangoni kwangu, bastola niliyopewa ghalani jana yake kwa ajili ya gwaride ikiwa mapajani, jua bado changa, redio ya jirani ikiimba polepole, nikaiona nafsi yangu kama kwenye ndoto: nimesimama, bastola inang'aa, Tata Sefu anatikisa kichwa kwa kuridhika, Zaina anainamisha macho. Kando ya mguu wangu kulikuwa na kikopo cha sirage, ile nyeusi ya viatu. Sikufikiri hata kidogo. Nilichovya kitambaa, nikapaka mdomo, nikapaka pembe na mshikio, nikajaza ule mkwaruzo kwa kidole, nikasugua, na wallahi ikapendeza! Ikawa nyeusi, laini, kama imezaliwa jana.

Tulipofika uwanjani kulikuwa na lile joto la kabla ya mvua, linalofanya kila kitu kielee, miti, mabati ya nyumba za kampuni, hata fanfare, ile bendi ya kampuni yenye tarumbeta zake, niliiona kama iko ndani ya maji. Bastola zetu hazikuwa na risasi, mikononi tulivaa glavu nyeupe. Mi kila baada ya muda kidogo naigusa bastola yangu kiunoni, naipapasa kama mtu anayempapasa paka, nikiota harusi. Wageni wakaanza kupita kusalimia. Tata Sefu akaja, kanzu yake nyeupe mpaka inaumiza macho, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, “Ramazani, leo unafanana mutu,” kisha akaiweka sawa kanzu tumboni, akaenda kukaa mstari wa mbele.

Hapo ndipo nilipoona vidole vinne vyeusi juu ya tumbo la baba mkwe.

Nikaangalia glavu yangu. Kiganja chote kilikuwa kama cha mchoma makaa. Joto lilikuwa limeyeyusha sirage, na mi nimeshafuta jasho la uso mara mbili au tatu, sasa nikaelewa kwa nini mwenzangu wa kulia anatetemeka mabega akizuia kicheko. Kuondoka siwezi, tumeshaamriwa kusimama wima. Kusema siwezi. Nikabaki nimekodoa macho mbele kama sanamu, jasho jeusi linanishuka shingoni.

Medali zilipokwisha kugawiwa, Direkta akaja amevaa abakosti yake ya rangi ya maziwa, ile suti isiyo na tai ya wakubwa wa enzi zile. Alipofika kwangu alisimama, akautazama uso wangu kwa muda mrefu, halafu akanyoosha mkono apewe bastola. Nikampa, ningefanya nini? Akaigeuza huku na huku, akairudisha, na kwa bahati mbaya mbu au nzi akatua shavuni kwake, akajipiga kofi, vidole vyeusi vikabaki pale. Mpiga tarumbeta mmoja akaona, akacheka na tarumbeta mdomoni, ikatoka sauti kama mbuzi aliyekanyagwa, fanfare nzima ikavurugika, na uwanja ukaangua kicheko.

Direkta hakucheka. Aliangalia vidole vyake, akauliza kwa sauti ndogo, mbaya: “Nani njo anachunga silaha huku?”

Kicheko kikakatika, tarumbeta zikashushwa. Kule kwenye viti Tata Mulongo akasimama, medali yake mpya kifuani, hana hata dakika kumi nayo, akaja akitembea polepole juani. Akapokea bastola kutoka mkononi mwangu, akainusa. Akanitazama. Alijua, na mi niliona kwamba hatasema, kwamba mzee yule atabeba aibu yangu siku yake ya heshima. Ndoto yote ikanitoka kichwani.

“Citoyen Direkta,” nikasema (citoyen, mwananchi, ndivyo tulivyoitana enzi zile), sauti ikapanda kuliko nilivyotaka, “ni mi. Nilipaka sirage juu nilisikia haya na bile bialama bya pistole. Tata Mulongo hajue kintu.”

Kicheko kikarudi mara mbili. Tata Mulongo akatoa leso yake, akaipangusa bastola mpaka chuma cheupe kikatokea tena, akamwonyesha Direkta bila haraka: hapa ni ngozi ya mfuko, hapa ni mukono yangu, hapa ni mulango ya lori.

“Na inapiga?”

“Inapiga muzuri.”

“Basi huyu asiibebe tena,” Direkta akasema, akaomba maji ya kunawa.

Wiki ile ile nikapelekwa Mutshatsha kulinda bohari la magunia karibu na reli, nikiwa na rungu. Kabla sijapanda treni Tata Sefu alikuja stesheni, akasimama mbele yangu bila kunipa mkono (namwelewa).

“Ule mwenye kuficha alama ya pistole,” akasema, “ku nyumba atamuficha mutoto yangu nini? Nimejiuliza hii siku zote.” Akaipangusa kanzu tumboni. “Lakini ulisema mbele ya batu. Bengine bangemuacha ule muzee. Ngojea mvua ikwishe, kisha utume tena bazee.”

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ndefu kuliko zote nilizoziona. Nilihesabu mawingu nikiwa juu ya magunia, na ilipokwisha nikawatuma wazee, wakarudi na ndiyo, na huyo ndiye aliyeko jikoni.

Tangu hapo sijapaka kitu rangi ili kionekane si changu. Shati likichujuka, nalivaa limechujuka. Na mtu akiniuliza kwa nini kitu changu kimechakaa, namjibu kwamba nimekitumia, kisha namwambia akae mbali kidogo, hasa kama amevaa kanzu.