Seva Yenye Anwani Mbili

Jumanne nilikuwa kwenye kaunta ya zahanati moja Elburgon na mama, tukingoja majibu yake ya damu. Kompyuta ilikuwa ikifungua faili yake mara moja, kisha inakataa mara mbili.

"Zima uwashe," karani alimwambia fundi, mwanamke aliyevaa gambuti za mpira.

"Nimezima wiki nzima," alijibu bila kuinua macho. "Seva, ile kompyuta kuu ya faili, iko na anwani mbili. Moja ilikufa tulipobadilisha waya, lakini orodha ya majina inayoelekeza kompyuta zetu bado inazituma huko. Leo naifuta hiyo iliyokufa."

"Na ukikosea?"

"Nitairudisha. Huyu mathe hawezi kungojea bahati."

Akafuta mstari mmoja kwenye orodha, akajaribu mara kumi. Faili ikafunguka mara zote kumi. Majibu yakasomwa, na mama alianza dawa mchana huo. Wengi wetu huzima na kuwasha, kisha tunasema tumetengeneza.