Sauti ya Nne Ndani ya Spika

Mume wangu alisusa kwaya kwa sababu ya simu. Kanisani kwetu hapa Bofu walirekodi wimbo, mjukuu wangu akatuwekea kwenye simu yake, na mzee, aliyeimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, tangu hajaota mvi, hakuisikia sauti yake hata kidogo.

"Wamenitoa," akasema. Jumamosi mbili hakwenda mazoezini.

Mimi shule niliiacha mapema, lakini wanakwaya wote nawajua majina, na nikifumba macho namjua kila mmoja kwa sauti yake. Kwenye simu ile sauti ya nne yote haikuwepo, si mzee peke yake. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka kwamba kosa ni la simu.

Mjukuu wangu alipokwenda kutafuta spika za kompyuta, zile za bei ya chini, nikamfuata na wimbo wetu kwenye flashi. Mwenye duka, mtu wa bara mwenye mzaha, akawasha spika kubwa zenye taa za rangi. Zikadunda hata vioo vya kabati vikalia.

"Shosho, hii ni moto! Utacheza?" Shosho kwao ni nyanya.

"Nitacheza, baba. Kwanza tia wetu."

Akautia. Wanaume wakawa mvumo mmoja, kama lori linalopanda kutoka feri. Maneno hakuna. Nikakataa.

"Leo shosho ndiye fundi!" Akanitolea nyingine, ndogo, za mbao, zimejaa vumbi.

Mjukuu akaninong'oneza, "Nyanya, hizo hata taa hazina."

Nikafumba macho. Wakaja wanawake, kisha chini yao wanaume, mmoja mmoja, kila mtu na neno lake. Halafu yeye. Mungu wangu! Hata ile pumzi anayovuta kabla ya ubeti niliisikia, ikitoka kwenye kisanduku kisichozidi mkate. Niliweka kiganja juu yake, nikahisi kisanduku kinatetemeka, na mwenye sauti yuko nyumbani amenuna.

"Hizi," nikasema.

Nyumbani mzee alisikiliza amesimama, mdomo wazi, mpaka mwisho.

"Rudisha," akamwambia mjukuu. Akarudisha. "Rudisha tena. Mbona hapo naingia nimechelewa?"

"Aliyetolewa huchelewa vipi?" nikamuuliza.

Alivuta kiti, akaweka sikio karibu na spika, akaanza kuimba pale pale alipochelewa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawasikia waume zangu wawili, mmoja akimsahihisha mwenzake. Jumamosi alifika mazoezini kabla ya mwenye funguo.