Ya Kushoto ama ya Kulia

Mimi ni mtu wa kusumbua wauzaji. Balbu sinunui mpaka iwashwe mbele yangu, na wauza nyanya wa mtaani kwetu wakiniona tu wanaanza kuguna. Kwa hiyo nilipoamua kununua almasi, tena mtandaoni, kitu nisichoweza kukishika wala kukiinua kwenye mwanga, nilijua nimejitafutia maradhi.

Mwanamke niliyetaka kumvisha pete aliishi orofa moja juu yangu, kwenye ploti yetu ya wapangaji huku Mowlem, Nairobi. Tulianza kwa kuazimana ndoo siku za uhaba wa maji, tukafika mahali pa kuazimana chumvi na kila mmoja ana yake. Jioni tulikula pamoja, na ploti nzima ilijifanya haijui.

Jambo moja alinionya mapema. Kabla hatujajuana, mwanamume mwingine alimpigia magoti kanisani ibada ilipokwisha, watu wote wamesimama, simu zimeinuliwa juu. Alikubali kwa sababu ya makofi. Kujitoa kwenye ile ndiyo kulimgharimu machozi mengi, na mama yake kule magharibi mwa nchi alinyamaziana naye kwa muda mrefu.

“Mtu akiniuliza tena mbele ya watu,” aliniambia akimenya viazi, “nitasema zii, nitakataa, hata kama nampenda.”

Hakuwa anatania. Nilimjua vya kutosha kujua hilo.

Alipenda jiwe la mviringo. Tukipita kwenye maduka ya vito mjini, ni mbele ya mawe hayo tu ndipo alipopunguza mwendo. Almasi za kuchimbwa ardhini niliwaachia wenye pesa. Lakini siku hizi kuna zinazokuzwa kwenye maabara, almasi kamili, na fundi wa friji kama mimi akijinyima anaweza kuzifikia. Basi nikaanza kuzisoma, na mke wangu mtarajiwa akaanza kulalamika kwamba nimekuwa mtu wa simu.

Kila muuzaji anakuimbia karati, yaani uzito, kana kwamba unanunua sukari. Nilichogundua ni kwamba kinachofanya almasi ing'ae ni mkato. Jiwe likichongwa bapa mno, mwanga unaingia juu na kupotelea chini, na katikati panabaki duara la kijivu. Likiwa na kina kupita kiasi, uzito unajificha tumboni na kwa juu unaona kitu kidogo. Mkato ukiwa sawasawa, mwanga unarudi kule ulikotoka, na hata kipande kidogo kinakuchangamkia. Mama alinilea nikimtolea mawe kwenye maharagwe, na sasa nilikuwa nimekaa kitako nikitafuta jiwe la kubakiza.

Hatimaye yalibaki mawili, uzito sawa, yote yana vyeti vya maabara. Tovuti iliniruhusu kuyaweka sambamba, yakizunguka polepole kama kuku wa kuchomwa. La kushoto lilikuwa pana, safi kabisa, lile la kuonwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara. La kulia lilionekana dogo kidogo kwa juu, mkato wake bora kuliko wote niliokuwa nimeuona, ila lilikuwa na doa dogo jeusi pembeni, lisiloonekana mpaka ukuze picha. Moyo wangu ulikuwa kulia. Woga wangu, wa watu kusema nimeleta kadogo tena kenye kasoro, ulikuwa kushoto. Niliamua kumuuliza dada yangu mkubwa, anayeishi Makadara na hajawahi kukosa maoni.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Siku hiyo mabomba yalikuwa yamekauka na grupu ya ploti, ile ya kuulizana maji na stima, ilikuwa inawaka moto kwenye simu yangu. Nilirekodi video ya mawe mawili yakizunguka, nikaandika: “Ya kushoto ama ya kulia? Nijibu haraka nilipie. Huyu wangu wa juu bado hajui kitu.” Nikatuma, nikaenda kubandika chai.

Simu ikaanza kutetemeka mezani kama ina homa.

“Kushoto buda, hiyo ni noma,” aliandika mtu wa orofa ya chini.

“Hii ni grupu ya maji,” aliandika msimamizi wa ploti.

“Hongera baba! Kumbe ni yule wetu!” aliandika mama mwenye duka pale langoni.

Kufikia hapo mtu alikuwa ameshafungua kura, na watu walikuwa wanapiga.

Nilifuta ujumbe, lakini ulikuwa umeshanukuliwa na kila mwenye kidole. Nilichoogopa si kicheko chao. Niliogopa kwamba nimemfanyia jambo lilelile alilonikataza, na sikufanya hivyo mbele ya kanisa bali mbele ya watu anaokutana nao kwenye ngazi kila siku. Nikasikia mlango wake ukifunguka juu, kisha malapa yakishuka.

Aliingia bila kubisha, simu mkononi.

“Ilikuwa iende kwa sister,” nilisema. “Naapa.”

“Najua. Wewe huwezi kupanga kitu kibaya hivi.”

Sikujua kama hiyo ni sifa. Uso wake haukunisaidia. Nilimwambia naweza kuwaandikia kwamba nilikuwa nawatania, na kwamba si lazima awajibu, wala anijibu hata mimi.

“Nionyeshe,” alisema.

Nilimpa simu. Alikaa kwenye kiti changu, akasimamisha video, akaikuza, akairudisha nyuma, akaiangalia tena. Nilisimama nikiwa na kijiko mkononi. Maishani mwangu sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda yule mwanamke akimkagua muuzaji asiyemwona.

“Hii ya kushoto ina kiza hapa katikati.”

“Imechongwa bapa. Mwanga unapotea.”

“Na wamepigia hiyo?”

“Karibu wote.”

“Hii ya kulia ina kadoa.”

“Kwa macho hakaonekani. Lakini kapo. Singekuficha.”

Uso wake ukalegea. Kisha aliinuka, akasukuma mlango ukafunga, akavuta komeo. Nje kwenye ngazi nilisikia mtu akiuliza kura zimefika wapi.

“Wale wako huko,” alisema. “Hapa tuko wawili. Niulize.”

Sikupiga magoti. Sikuwa na pete, na chai ilikuwa inafurika jikoni ikizima moto. Nilimuuliza kwa maneno machache ya kawaida, na nikamwambia akikataa bado nitampa ndoo siku za uhaba. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akasema ndiyo, polepole, mara mbili, ya pili kama anayejisikiliza. Nilimkumbatia, kijiko bado mkononi.

Simu zetu zilikuwa bado zinalia. Aliichukua yake, akajifuta macho kwa kiganja, akaandika. Yangu ikatetemeka mezani nami nikasoma pamoja na ploti nzima:

“Ni ya kulia. Acheni kupiga kura. Kidole ni changu.”