Wimbo wa Sita Unaitwa "Bawabu"

Fundi alikuwa anakata suruali ya mwalimu mkuu kwa mkono wa kushoto, kama anavyokata kila kitu tangu ana miaka kumi, mdogo wake alipoingia kibandani na spika ndogo kwapani. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Wateja wapya huvikodolea macho, wa zamani wameshazoea. Mshono wake hauna mfano, sasa nani ana shida na mkono?

Huyo mdogo wake ndiye yule mpiga piano wa jazi, ambaye watoto wa mtaa walimwita Vidole hata kabla hajang'oka meno ya utoto. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya miaka ishirini, akashinda wiki mbili kwenye ukumbi wa shule yao ya zamani, akirekodi albamu nzima kwa piano ileile mbovu aliyojifunzia kwa kuibia. Nyimbo saba, zote za mji huu. Saa nane mchana angewatumia watu wa studio, na ikishatumwa, basi, imetoka.

"Kaka, weka mkasi chini. Wewe ndiye wa kwanza kusikia."

Akasikia. Ebo, mtoto anajua kupiga! Wimbo wa kwanza ulikuwa cherehani ya mama yao, inakimbia, inakwama, inakimbia tena, na Fundi alicheka mpaka akafuta machozi. Wa pili ulikuwa bomba la maji na foleni yake ya wagomvi. Raha tupu, mpaka wa sita. Huo ulianza na sauti nzito za chini, hatua za mtu anayepanda ngazi, zinakaribia, zinakaribia, halafu kishindo kimoja na kimya. Fundi akaacha kucheka.

"Huu unaitwaje?"

"'Bawabu.' Si unamkumbuka yule mzee katili wa ukumbini? Nimeandika kisa chote kwenye kijitabu cha albamu, na jina lake kamili. Alivyotufuma, alivyokubamizia kifuniko cha piano mkononi. Miaka thelathini na minne ninayo hasira hiyo, kaka. Acha dunia nzima imjue."

Laiti angejua! Aliyefunga kile kifuniko ni Vidole mwenyewe, mtoto wa miaka mitano wakati huo, aliyesikia hatua kwenye ngazi akapaparika. Bawabu alifika mlangoni damu imeshamwagika. Naye Fundi, kwa kumwonea huruma mdogo wake na kumwogopa baba yao, ambaye kwenye kiboko hakuwa na mzaha, akanyoosha kidole cha mkono mzima: ni huyu. Mdogo wake akaambiwa hivyo, akaamini, akakua hivyo. Bawabu akafukuzwa kazi wiki ileile. Na mpaka leo Fundi, mwanamume mzima mwenye mvi, akimwona yule mzee sokoni hugeuza njia kama mwizi wa kuku.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na nusu.

"Litoe jina lake," alisema.

"Kwani unamwogopa mpaka leo?"

"Litoe tu."

"Silitoi. Nipe sababu moja."

Sababu alikuwa nayo. Akisema, je, mikono ya mdogo wake itagusa tena piano? Akinyamaza, yule mzee anafukuzwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu wote. Jamani, kuna kulinda ndugu na kuna uoga, na Fundi alijua fika lake lilikuwa lipi.

"Si yeye," akasema. "Ni wewe. Ulishtuka, ukafunga. Ulikuwa mtoto, huna kosa. Mwongo ni mimi."

Vidole aliitazama mikono yake, akaificha kwapani. Wimbo wa saba ulikuwa unaendelea na hakuna aliyeuzima. Fundi alingoja atukanwe. Angeshukuru hata kutukanwa.

"Umeniacha nimchukie mtu bure," hatimaye mdogo wake alisema. "Anakaa wapi?"

"Nyuma ya soko."

"Inuka."

Walikwenda, Vidole mbele, Fundi nyuma na futi ya kupimia bado shingoni. Mzee alikuwa barazani kwake, anagongelea mguu wa kiti.

"Shikamoo, mzee," alisema Vidole.

"Marahaba."

"Shikamoo, mzee," alisema Fundi.

Mzee akagonga msumari. Hakuitikia.

"Mzee, sisi ni wale watoto wa ukumbini," Vidole alianza. "Tumekuja kukuambia kwamba..."

"Wewe pumzika, mwanangu. Ulikuwa mdogo." Kisha akamtazama Fundi. "Huyu ana mdomo wake."

 Fundi alitaka kukimbia, Mungu anajua, na njia ilikuwa wazi.

"Hukunifanya kitu, mzee," alisema, kwa sauti iliyosikika kwa taabu. "Nilikusingizia."

Mzee aliweka nyundo chini taratibu.

"Paza sauti," akasema. "Mke wangu yuko jikoni, na tangu siku ile hajawahi kuniamini."